Siku Hapana Ilipogeuka Ndiyo

Wanaosema kompyuta ina akili hawajaketi nayo kuandika deni la mtu. Mimi nimeketi nayo. Haikuuliza fulani anadaiwa kiasi gani, wala kwa nini halipi, wala kama mama yake anajua. Iliuliza tu: hicho unachotaka kuniambia ni cha aina gani? Kama yule afisa wa mpakani Petite Barrière unayemfikia na mkungu wa ndizi kichwani: anaziona ni ndizi, anazinusa ni ndizi, lakini mpaka uzitamke kwa jina lililo kwenye karatasi yake hupiti, na kama karatasi yake haina ndizi, basi na wewe huna ndizi.

Mimi ni katibu wa likelemba ya avenue yetu, hapa Katindo, mjini Goma. Kila Jumapili baada ya misa tunakutana barazani kwangu, watu kumi na wawili. Kila mmoja anaweka franga 5.000 mezani, na mmoja kwa zamu anazibeba zote 60.000. Zamani wanaume wengine wa avenue walitucheka kwamba hayo ni mambo ya akina mama. Tangu Januari 2025, vita vilipoingia mjini na mabenki yakafunga milango, hawacheki tena. Wanaomba nafasi, nasi tunawaambia tutafikiria.

Hakuna mlinzi, hakuna sefu. Kuna kaye. Ni daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, na ndani yake imo historia ya avenue nzima. Wanachama hawamo kwa majina ya ubatizo. Wamo kama avenue inavyowajua: Mama Sambaza, Motari wa Koti Jekundu, Mwalimu, Mshonaji wa Kona, Kambisti, Yule Mrefu na wenzao. Hajalalamika mtu, isipokuwa Yule Mrefu, anayedai kwamba siku hizi yuko mrefu kuliko yeye kule karibu na kanisa.

Sasa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameanza masomo ya informatiki, na hawezi kuona kitu kimetulia bila kutaka kukirekebisha. Akaifungua kaye, akafunua kurasa mbili, akaifunga. "Mjomba," akasema, "hii kaye iko nakufa. Mvua moja, panya moja, franga ya batu imepotea. Tuiandikie programu." Nikamwambia kaye hiyo imepita volkano ya 2021 salama, panya ataanzia wapi. Hakunisikia. Alikuwa ameshawasha laptopu, anapakua Python kwa mega zangu, na umeme, ambao siku nzima ulikuwepo bila kazi, ukasubiri ibaki asilimia tatu ndipo uondoke.

Kwa maelezo yake programu ilihitaji kuuliza mambo manne tu: jina, simu, kiasi, na kama mtu amelipa. Nikadhani ni kazi ya nusu saa. "Kila kitu kina aina yake, Mjomba. Maandishi ni stringi. Namba kamili ni inteja. Namba yenye desimali ni floti. Ndiyo na siyo ni buleani. Ukichanganya, inakasirika." Akaeleza kwamba ndani ya mashine kila kitu ni sufuri na moja tu, safu ndefu zisizo na maana, na aina ndiyo inayoiambia zisomwe vipi. Safu ileile inaweza kuwa namba 65 au ikawa herufi A kubwa, inategemea uliitangazaje. Wiki ile hata chakula hakikupona. Bugali ni floti, alituambia mezani, kwa sababu unaukata popote. Mayai ni inteja. Mke wangu alimuuliza sombe ni nini. Akafikiri sana, akasema atamuuliza mwalimu.

Tulianza na jina, kwa kuwa lilionekana jepesi: stringi, herufi zilizopangwa kati ya alama za kunukuu, na mashine haijali zinasema nini. Wepesi uliisha palepale. Mfano wa kitabuni ulikuwa na nafasi mbili, jina la kwanza na jina la ukoo. Sasa mwambie Mkongomani ajaze nafasi mbili. Sisi tuna jina, postinomu na prenomu, mpangilio tulioachiwa na mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu na kutaka kila raia ajiite kwa majina ya mababu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, alionyesha njia: Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mpwa akaliandika, akaiambia Python ihesabu. Herufi pamoja na nafasi: 41. Python haikustuka. Zinazostuka ni fomu za ng'ambo, zinazokupa vijisanduku kumi na tano kisha zinakuambia jina lako limekosewa.

Kilichotukosanisha ni ile Désiré. Tulipoihamisha orodha kutoka programu moja kwenda nyingine ikatoka DÃ©sirÃ©, jina ambalo hata Mobutu asingethubutu kumpa adui. Mpwa akasema kosa ni la kihistoria. Wamarekani walipopanga namba za herufi zao, ASCII, mwaka 1963, walijiwekea nafasi 128, na hawakukumbuka kwamba kuna binadamu wanaoweka vistari juu ya herufi. Baadaye ilipatikana Unicode, inayobeba maandishi ya dunia nzima, lakini katika mtindo wake unaotumika zaidi é inachukua baiti mbili. Programu inayodhani kila herufi ni baiti moja inasoma mbili zote na kukupa Ã pamoja na kidude. Katika likelemba tulikubaliana nafasi ya jina iwe moja, bila vistari, kila mtu ajimwage humo. Yule Mrefu akaandikwa Yule Mrefu.

Kisha zikaja franga. Mpwa akatuita wote Jumapili tushuhudie, na Mama Sambaza akawekwa mbele kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Michango yake ya wiki mbili: akaandika 5000, kisha 5000. Jumla? Skrini ikajibu 50005000.

Mwalimu, ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha, akasoma kwa sauti: milioni hamsini na elfu tano. Mama Sambaza akasimama, akakaza kitenge kiunoni. "Miye," akasema, "hii mashine naiamini. Leo iko zamu ya nani?"

Mpwa alieleza huku jasho likimtoka. Chochote unachoandika kwenye kibodi, Python inakipokea kwanza kama stringi, hata kikiwa tarakimu tupu. Na stringi mbili ukiziwekea alama ya kujumlisha hazijumlishwi, zinaunganishwa moja nyuma ya nyingine. Lazima uiambie waziwazi: hii igeuze inteja. Swali langu, ambalo hadi leo sijajibiwa, ni hili: yuko wapi mtoto wa darasa la kwanza anayeona 5000, alama ya kujumlisha, na 5000 nyingine, akadhani anaombwa kuunganisha? Na kulikuwa na haja gani ya kuipa alama moja kazi mbili? Alama zimekwisha?

Akarekebisha. Nikaketi mimi kwenye kibodi, nikaandika mchango kama ninavyouandika tangu utoto: 5.000. Mistari myekundu ya Kiingereza ikajaa skrini. Nukta, akasema mpwa. Inteja haina nukta. Akabadilisha ipokee floti. Nikaandika tena 5.000, ikakubali bila neno. Watu kumi na wawili, jumla yao: 60.0.

Franga sitini! Avenue nzima tumechanga franga sitini, ambazo ukimtuma mtoto nazo dukani anarudi akilia. Kumbe kwa Python nukta ndiyo inayofungua desimali, kwa hiyo elfu tano yetu imeisoma tano na sufuri tatu za urembo. Sisi tuliosomeshwa na Wabelgiji, nukta inapumzisha macho katikati ya maelfu, na koma ndiyo ya desimali. Basi nikajaribu koma, kiungwana, nikaiandikia Python moja kwa moja: 2,5. Hapo haikulalamika hata. Ilichukua mbili, ikachukua tano, ikazifungia pamoja ndani ya mabano kuwa vitu viwili, ikaniacha niamue mwenyewe nilitaka nini.

Na linaloniudhi zaidi, Guido van Rossum, aliyeitunga Python na kuitoa kwa umma mwaka 1991, ni Mholanzi. Waholanzi wenyewe wanaandika desimali kwa koma, majirani kabisa wa Wabelgiji. Mtu wa koma ametuuza kwa watu wa nukta.

Usidhani tungekimbilia Excel tungepona. Mpwa alishaijaribu kwa biashara ya samaki ya Mama Sambaza, aliyemwomba amwandikie mauzo ya asubuhi. Mteja wa kwanza alichukua nusu kilo. Mpwa akaandika 1/2. Excel ikaandika tarehe 1 Februari. Mteja wa pili alichukua robo tatu, ikawa tarehe 3 Aprili. Sambaza wakauzwa hadi Desemba na jua halijafika utosini. Wala si sisi peke yetu tulioonewa. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1, na Excel kila ikiziona inazigeuza tarehe za Septemba na Machi, mpaka mwaka 2020 kamati inayoyatunza majina hayo ikakubali yaishe, ikabadilisha majina ya jeni. Jeni zilikuwepo kabla ya Excel, kabla ya Septemba yenyewe, na ndizo zilizohama.

Namba za simu nilidhani hazina matata, tarakimu kumi tu. Mpwa, akiwa bado na uchungu wa ile milioni hamsini, akazigeuza zote kuwa inteja. Sufuri za mbele zikatoweka. Inteja haioni faida ya sufuri inayotangulia. Kwake 099 ni 99. Watu wa 099, wa 081, wa 084, wote wakanyolewa, na nilipompigia Motari wa Koti Jekundu kwa namba iliyo kwenye skrini nikaambiwa namba haipo. Motari alifurahi sana kusikia hivyo. Ana deni.

Hapo mpwa alisema neno ambalo nimelikubali bila ubishi: kama huwezi kukijumlisha wala kukigawa, si namba, hata kijae tarakimu. Nani amewahi kujumlisha simu ya shemeji na simu ya fundi wa bomba? Namba ya nyumba, namba ya pikipiki, namba ya kadi ya mpiga kura, zote ni stringi zilizovaa tarakimu. Na stringi ina faida zake, kwa sababu unaweza kuandika ukweli wote. Kwa Motari tuliandika: 099 asubuhi, 081 jioni, mvua ikinyesha usipige.

Mkutano uliofuata Mwalimu ndiye aliyeuharibu. Aliuliza: hiyo inteja ina mwisho? Mpwa akasema kwenye Python haina, unaongeza tarakimu mpaka kumbukumbu ya mashine ichoke. Lakini katika Java, anayoianza muhula ujao, inteja ya kawaida ina biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2.147.483.647. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Mtoto, hiyo Java haikuishi Zaire."

Basi akatusomesha, bure. Fedha ya zaire ilizaliwa 1967, moja ikiwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Naam, sisi juu, wao chini. Kufika Januari 1993 mitaani kulikuwa na noti ya zaire milioni 5. Noti moja hiyo. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa mshahara kwa noti hizo wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Oktoba mwaka huohuo zikafutwa sufuri: zaire mpya 1 kwa zaire kuukuu milioni 3. Haikusaidia. Juni 1998 ikaja franga hii tuliyonayo, moja kwa zaire mpya 100.000. Zidisha mwenyewe, mpwa alizidisha. Franga moja ya Kongo ni zaire kuukuu bilioni 300. Mchango wetu wa Jumapili mmoja ni zaire 1.500.000.000.000.000. Watu wote barazani wakaitazama noti yao upya. Kambisti aliirudisha mfukoni.

Uiweke hiyo sasa kwenye inteja ya biti 32. Haiingii, hata simu ya Kongo ukiianzia na 243 haiingii. Na ujeuri wenyewe uko hapa: ukifika 2.147.483.647 kisha ukaongeza moja, Java haisemi imejaa. Inapinduka, inakupa hasi 2.147.483.648. Umeweka akiba mpaka umekuwa mdaiwa. Mama Sambaza akasema hilo si la ajabu, alishaliona katika likelemba moja ya Birere, na wala hawakuwa na kompyuta.

Wakubwa pia yamewakuta. Desemba 2014 Google ilitangaza kwamba video ya Gangnam Style, ya yule Mkorea Psy, ilikuwa imetazamwa mpaka kaunta ya biti 32 ya YouTube haitoshi, ikabidi wahamie biti 64. Na tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kabla ya sekunde arobaini ikasambaratika angani, kwa sababu programu yake ilichukua floti ya biti 64 ikataka kuisukumiza ndani ya inteja ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32.767. Elfu thelathini na mbili! Gunia la maharagwe ya Masisi halinunuliki kwa franga hizo, wao wakarushia roketi. Mpwa akaongeza kwamba mashine za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zitapinduka tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa ya Goma itakuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri. Kinshasa, walio nyuma yetu kwa saa moja, watasema tumewaletea sisi.

Mshonaji wa Kona alitaka tuweke na hesabu za dola. Mpwa akajaribu kwa vipande vidogo: 0.1 ukijumlisha 0.2. Python ikajibu 0.30000000000000004. Mama Sambaza akavuta kiti karibu.

"Hiyo nne ya mwisho iko ya nani?"

Akaelezwa kwamba mashine inahesabu kwa sufuri na moja, na sehemu moja ya kumi katika hesabu hiyo haina mwisho, sawa na theluthi kwetu, 0,333 mpaka uchoke. Kwa hiyo inaikatia mahali, na makapi yanaonekana mwishoni. Hakuridhika. Alinitazama mimi, katibu. Mpwa akaniokoa: ndiyo maana fedha haziandikwi kwa floti, unazihesabu kwa inteja, kwa kipande kidogo kuliko vyote. Kwa franga ni rahisi, santimu zake zilikufa zamani bila matanga. Kwa dola unahesabu senti, ambazo hapa Goma hazitumiki. Chenji ya dola inarudi kwa franga. Na usidhani kuigeuza floti kuwa inteja kunaikadiria kwa haki: Python inakata tu, 3.99 inakuwa 3. Wapo watu sokoni Virunga wanaopima maharagwe kwa kanuni hiyo na hawajawahi kuisoma.

Kambisti, mbadilisha fedha wetu, asiye na kawaida ya kuzungumza bila faida, akanyanyua kidole. Dola 20 ndani ya mashine ni 20? Ndiyo. Na ikiwa na mpasuko mdogo pembeni? Bado 20. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kwake mezani noti yenye mpasuko si 20, ni mjadala. Yenye wino inazidi kupungua. Ya dola moja wengi hawaigusi hata ikiwa mpya. Na franga, tangu mabenki yafunge, zimechakaa hadi nyingine zinashikiliwa na utepe wa gundi, kila mtu akiomba zimtoke mkononi kabla ya jioni. Mpwa akasema hiyo si aina ya data, hayo ni matatizo. Kambisti akasema kwake ni kazi. Niko upande wa Kambisti: wamehangaika mpaka biti 64, na hakuna hata biti moja ya mpasuko.

Ugomvi wenyewe, hata hivyo, ulitoka kwenye ndiyo na siyo. Buleani imechukua jina la George Boole, Mwingereza aliyefundisha hesabu mjini Cork, Ireland, na kuonyesha kwamba kweli na uongo vinaweza kukokotolewa. Alikufa Desemba 1864 kwa nimonia, baada ya kwenda darasani kwa miguu katika mvua na kufundisha nguo zake zikiwa zimelowa. Nampa pole, lakini angekaa hapa msimu mmoja wa mvua, angeongeza jibu la tatu. Swali la "umelipa?" huku halina majibu mawili. Lina "nilimtuma mtoto", lina "nitamalizia Jumatano", lina "si weye mwenyewe unajua hali", lina "nilikupa nusu ile siku ya matanga", na lile gumu kuliko yote, kicheko. Katika kaye nina alama kwa kila moja. Kicheko nakichorea duara.

Mpwa akakataa duara. True au False, basi. Akaweka swali kwenye skrini ili kila mwanachama ajibu mwenyewe. Watu wakapanga mstari. Wengine wakaandika ndiyo. Motari akaandika bado. Yule Mrefu, mtu mkweli, akaandika hapana. Mshonaji akaandika sentensi nzima kuhusu mteja wake na gauni la harusi. Kisha mpwa akaiambia Python igeuze majibu yote kuwa buleani na itoe orodha ya wanaodaiwa.

Orodha ikatoka tupu. Wote True.

Sijaiona likelemba na furaha ya namna ile. Motari alitaka kumbeba mpwa wangu mabegani. Kumbe Python ikigeuza stringi kuwa buleani haisomi kilichoandikwa. Inaangalia tu kama kuna kitu au hakuna. Stringi tupu ni False. Yenye herufi yoyote ni True, hata herufi zenyewe ziwe h, a, p, a, n, a. Hata ukiandika neno False ndani ya alama za kunukuu, linahesabiwa True. Mwalimu akasema amejaza fomu za serikali maisha yake yote na hajakutana na iliyo na roho nzuri hivi. Ili uhesabiwe kuwa hujalipa ilikubidi ubonyeze kitufe bila kuandika neno, na hilo kwetu halitatokea: hakuna mtu wa avenue hii anayekosa la kusema kuhusu deni lake. Kuwarudisha watu kwenye madeni yao kulikula alasiri yote. Motari aliomba jambo hilo lipigiwe kura.

Kuna kitu kimoja tu humo nilichokipenda, na mbele ya mpwa sikisemi kwa sauti. Katika kaye kuna mistari mitupu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye ikatolewa amri ya kuhama, na avenue ikatawanyika: hawa Sake, hawa Minova, hawa Gisenyi. Likelemba haikukaa. Ziko kurasa za namna hiyo pia za mwanzo wa 2025. Na Kambisti alikuwa hajaacha kunisumbua juu ya Jumapili zile: mstari mtupu, alisema, hauna kitu, kutokuwa na kitu ni sufuri, sufuri ni mtu hajatoa, basi adaiwe. Hesabu yake haina kasoro, na mimi nilikuwa sina la kumjibu ila hasira.

"Pale si sufuri, Mjomba," mpwa akasema. "Pale iko None."

None ni aina ya peke yake. Si namba, si maandishi, si ndiyo, si siyo. Sufuri ni mtu alikuja na hakutoa. None ni hapakuwa na kikao. Ukitaka kuijumlisha na 5000 Python inagoma, haijifanyi kujua. Tony Hoare, Mwingereza aliyeingiza kitu cha jamii hiyo katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alikiita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja, kwa jinsi kilivyoangusha programu za watu. Hiyo bilioni ni yake, wakamdai huko. Mimi jioni ileile nilijaza None kwenye Jumapili zote zile, Kambisti akatafuta kofia yake.

Kwa hiyo tuna vyote viwili: programu, inayoendeshwa na mpwa umeme ukiwepo, na kaye, inayoendeshwa na mimi. Jumapili ijayo anataka kuingiza humo mpangilio wa zamu, kwa kitu kinachoitwa listi. Nilimuuliza kama zamu zitabaki zilivyo, kwa sababu kwa desturi yetu katibu hula wa kwanza, na hilo halijadiliwi. Zitabaki, akasema, ila Python inaanza kuhesabu listi na sufuri, kwa hiyo mtu wa namba moja ni wa pili. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza huyo sufuri ni nani. Mama Sambaza anasema ni yeye.